Koleo lililoamua kesi ya umeme: kupima mkondo bila kugusa waya

Jumamosi moja ya mwezi Novemba, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, niliitwa uani kwa mzee mmoja hapa Nyanza-Lac niamue ugomvi. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tumezoea kuitwa kwenye kesi za mashamba na mipaka. Safari hii kesi haikuwa ya shamba, ilikuwa ya umeme.

Mzee ana nyumba ya vyumba vinne na mita moja ya Cash Power. Mbele amempangisha kinyozi, na pembeni amempangisha mama mmoja muuza samaki, mrejeaji kama mimi. Mwezi Oktoba mama huyo alinunua friji la kugandisha kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, ili mikeke yake isiharibike akisubiri wanunuzi. Kabla ya friji, uniti 70 zilimfikisha mzee mwisho wa mwezi. Baada ya friji, uniti 150 hazikumaliza wiki mbili.

Mzee alipiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga. Kilichoongezeka ndani ya nyumba ni friji, kwa hiyo mwizi ni friji. Akampa mama huyo muda wa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama. Kuhama maana yake ni kutafuta chumba kingine chenye umeme karibu na soko, jambo ambalo si rahisi, huku mkopo unadai na samaki wanaoza.

"Mwalimu, wewe ndiye unayewafundisha watoto habari za umeme," mzee aliniambia. "Nipimie nijue huyu mama anakula kiasi gani."

Mama naye akajibu, "Mzee wangu, friji langu linakula kama balbu mbili tu. Mwalimu apime, mimi sina wasiwasi."

Wote wawili walikuwa wamekosea, kama tutakavyoona. Kabla sijaeleza kilichotokea, niwaambie wasomaji kifaa nilichokwenda nacho, kwa sababu wengi wenu mnavuka Mugina na Manyovu kila wiki na kifaa hicho mmekiona madukani Kigoma bila kujua kazi yake.

Sindano, bakuli na betri ya redio

Mafundi wa Kigoma wanakiita klampu mita. Ni mita ndogo ya mkononi yenye kioo cha namba, na juu yake ina mdomo kama koleo. Unabonyeza, mdomo unafunguka, unauzungushia waya wa umeme, unauachia ufunge. Namba inatokea. Hukati waya, huchuni ganda lake, hugusi shaba. Mtu asiyejua atasema ni uganga.

Mimi siri ya kifaa hiki niliiona nikiwa mtoto, miaka mingi kabla ya kukiona chenyewe. Nilizaliwa Mishamo, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, na huko nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Maabara hatukuwa nayo. Mwalimu wetu wa sayansi alichukua sindano ya kushonea, akaisugua kwenye sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akailaza juu ya jani ndani ya bakuli la maji. Sindano ikajigeuza yenyewe, ncha moja kaskazini na nyingine kusini. Kisha akanyoosha waya juu ya sindano, akagusisha ncha zake kwenye betri kubwa ya redio. Sindano ikaruka pembeni. Akageuza betri, sindano ikaruka upande wa pili. Hakuna aliyeigusa.

Alichotuonyesha ni kile alichokiona Hans Christian Ørsted wa Denmaki mwaka 1820, alipopitisha umeme kwenye waya karibu na dira. Umeme ukipita kwenye waya, nguvu ya sumaku hujitengeneza kuuzunguka waya huo kama pete. Umeme ukiongezeka, sumaku huongezeka kwa kiasi kile kile. Ukisogea mbali na waya, hupungua.

Kwa hiyo mtu anayeweza kupima sumaku iliyouzunguka waya anaweza kujua ni umeme kiasi gani unapita ndani, bila kuugusa. Waya wenye mkondo wa ampea 10 hutoa sumaku ya mikrotesla 200 hivi kwa umbali wa sentimita 1 kutoka katikati yake. Sumaku ya dunia, ile inayoelekeza dira, ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali ulipo. Ndiyo maana sindano yetu iliiasi dunia ikaufuata waya.

Aina mbili za koleo

Ndani ya mdomo wa kifaa kuna pete ya madini ya chuma. Kazi yake ni kuikusanya sumaku inayouzunguka waya, ili usomaji usibadilike sana hata waya usipokaa katikati kabisa. Tofauti inakuja katika namna ya kuisoma sumaku hiyo.

Aina ya kwanza, iliyo rahisi kwa bei, ina nyaya nyembamba sana zilizosokotwa kwenye pete. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu: unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sumaku yake nayo inageuka hivyo hivyo, na sumaku inayogeuka huzalisha umeme kidogo kwenye nyaya zile. Kanuni hiyo ni ya Michael Faraday wa Uingereza, ya mwaka 1831. Aina hii haioni chochote kwenye betri wala kwenye paneli ya jua, kwa sababu huko mkondo ni mnyoofu na sumaku yake imetulia.

Aina ya pili ina kihisio kidogo kilichopachikwa kwenye mwanya wa pete. Kinaitwa kihisio cha Hall, kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua jambo hili mwaka 1879 akiwa mwanafunzi mjini Baltimore, kwa kutumia karatasi nyembamba ya dhahabu. Alipitisha umeme kwenye dhahabu, akaiweka katikati ya sumaku yenye nguvu, akakuta umeme unasukumwa kuelekea ubavu mmoja. Volti ndogo ikatokea kati ya ubavu huu na ule. Sumaku ikizidi, volti hiyo nayo inazidi. Kihisio cha Hall kinaiona sumaku hata ikiwa imetulia, ndiyo maana kifaa chenye kihisio hiki kinapima umeme wa nyumbani na wa betri pia.

Koleo langu ni la aina ya pili. Nililinunua Kigoma likiwa limetumika, kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Sifuri iliyochekesha

Sasa turudi uani. Watu walikuwa wameshakusanyika, kinyozi ameacha mteja na nusu ya kichwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye waya wa friji, nikauzungushia koleo. Friji linanguruma, barafu inaonekana, na kioo kinasoma sifuri.

Mzee akacheka mpaka akashika mgongo. "Kumbe friji halili umeme kabisa! Mwalimu, kifaa chako kimekufa."

Kifaa hakikuwa kimekufa. Aliyekosea ni mimi, kosa ambalo namkemea nalo mwanafunzi kila mwaka. Ndani ya waya wa friji mna nyaya mbili: laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Sumaku ya unaokwenda na sumaku ya unaorudi zinapingana na kufutana. Ukizikumbatia zote mbili kwa pamoja, utasoma sifuri hata kama friji linavuta kama kiwanda. Lazima koleo likumbatie waya mmoja tu.

Nilikuwa na kipande cha waya wa kurefusha nilichokitengeneza kwa ajili ya darasa. Nimekichuna ganda la nje tu, nyaya za ndani zikabaki na maganda yake na zimetenganishwa. Nikachomeka friji humo, nikakumbatia laivu peke yake. Ampea 1.1.

Kwa volti 220 tulizonazo, na kwa kuwa mota ya friji haiutumii mkondo wote kwa kazi kama pasi inavyoutumia, nilikadiria asilimia 70. Hiyo inatoa wati 170 hivi. Friji halingurumi muda wote. Tulikaa na saa, tukaona kwamba katika saa moja linafanya kazi kama dakika 36. Kwa siku nzima umeme usipokatika, hesabu inafika uniti 2.4.

Mama alinyamaza. Yeye alikuwa akichangia kama mtu wa balbu mbili, yaani nusu uniti kwa siku. Friji lake lilikuwa likila karibu mara tano ya pale.

Mzee akapiga makofi. Nikamwomba asubiri. Uniti 150 kwa siku 12 na ushee ni zaidi ya uniti 12 kwa siku. Tukiondoa 2.4 za friji, na tukiondoa 2.3 ambazo mzee na kinyozi walikuwa wakizitumia tangu zamani, zinabaki zaidi ya uniti 7 ambazo hazina mwenyewe. Nani anazila?

Umeme uliokwenda bila kurudi

Nikawaomba wote wazime kila kitu na kuchomoa kila kitu: friji, televisheni, mashine ya kinyozi, hata simu zilizokuwa kwenye chaji. Nikaenda kwenye boksi la swichi, nikakumbatia laivu inayotoka kwenye mita. Nyumba nzima imezimwa, lakini koleo likasoma ampea 1.4.

Hapo ndipo kosa langu la mwanzo lilipogeuka kuwa msaada. Nilikumbatia laivu na nyutro kwa pamoja. Mkondo wote unaokwenda ungekuwa unarudi, ningesoma sifuri kama pale kwenye friji. Kioo kikabaki 1.4. Maana yake ni moja tu: umeme unatoka na haurudi kwa njia yake. Unaingia ardhini.

Nikaanza kushusha breka moja moja. Ya vyumbani, 1.4. Ya mbele kwa kinyozi, 1.4. Niliposhusha ya uani, kioo kikasoma sifuri.

Breka ile inalisha waya mmoja unaokwenda kwenye balbu ya bafuni, nyuma ya migomba. Mzee aliufukia mwenyewe miaka michache iliyopita. Ni waya wa ndani ya nyumba, hauna bomba la kuukinga, na swichi yake iko kule kule bafuni. Kwa hiyo balbu ikizimwa, umeme bado umejaa kwenye waya wote uliolala ardhini. Kabla mvua hazijaanza, mtu alilima pale akaugusa kwa jembe. Udongo ulipokuwa mkavu hakuna kilichotokea. Mvua zilipoanza, mwezi ule ule friji lilipofika, udongo ukalowa na ukaanza kunywa umeme usiku na mchana.

Ampea 1.4 kwa volti 220 ni wati 308. Kwa saa 24 ni uniti 7.4. Hizo ndizo zilizokuwa hazina mwenyewe. Breka haikuruka kwa sababu ni ya ampea 10, na 1.4 kwake ni kitu kidogo.

Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka sita hivi, akasema, "Mimi nilisema. Nikipita pale baada ya mvua miguu inatekenywa." Alikuwa amesema kweli kabla yetu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mzee alikaa kwenye kigoda, hakucheka tena. Mtoto yule anapita pale kila siku bila viatu. Wakati sisi tunagombania uniti, tulikuwa tunaelekea kwenye msiba.

Breka ya uani iliachwa chini. Jumatatu yake fundi mwenye leseni alikuja, akafukua, akaukuta waya umechubuka mpaka shaba inaonekana, akatandika mwingine wa kufukiwa ndani ya bomba na kuhamishia swichi ndani ya nyumba. Pia alifunga breka ya kuzuia uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia na maandishi ya 30 mA. Ndani yake mna pete inayopitisha laivu na nyutro kwa pamoja, sawa na koleo langu. Unaorudi ukipungua kuliko uliokwenda kwa kiasi hicho kidogo, inakata mara moja. Ingekuwepo tangu mwanzo, waya ule ungekatwa siku ya mvua ya kwanza.

Kuhusu malipo, walikubaliana hivi: uniti zinazonunuliwa sasa, nusu ni za mama, nusu ni za mzee na kinyozi. Ni haki kwa mujibu wa kipimo, lakini kwa mama si nafuu. Aliniambia tukiwa njiani, "Mwalimu, umenitetea huku unanipiga." Nilimjibu kwamba koleo halijui kutetea. Hata hivyo hakuhama, na mikeke yake bado iko pale. Amepandisha bei ya barafu kidogo.

Kwa mnaovusha bidhaa mpakani

Tangu siku ile wafanyabiashara wengi wamenijia na maswali, hasa wanaoleta paneli za jua na betri. Nitoe majibu yanayowafaa.

Kwanza, kabla ya kununua koleo, angalia alama. Penye kitufe cha kuchagua, alama ya wimbi au herufi AC ni mkondo geu. Mstari ulionyooka wenye vistari chini yake au herufi DC ni mkondo mnyoofu. Lakini chunguza alama hizo ziko upande wa ampea, si upande wa volti peke yake. Vifaa vingi vya bei ndogo vinapima volti za betri kwa nyaya za kuchomeka, lakini koleo lake linasoma mkondo geu tu. Nilikutana na mfanyabiashara aliyemrudishia mwenzake paneli nne akidai ni mbovu, kumbe koleo lake ndilo lisiloona umeme wa jua.

Pili, paneli ya wati 100 ya kuchajia betri ya volti 12, ikiwa jua la saa sita mchana halina wingu na betri ina njaa, inapaswa kutoa ampea 5 hivi. Kumbatia waya mmoja tu, kabla ya hapo ukiwa umebonyeza kitufe cha kurudisha kwenye sifuri. Kitufe hicho ni cha lazima, kwa sababu kihisio cha Hall kinaiona hata sumaku ya dunia na mabaki ya sumaku kwenye pete. Ukisoma ampea 2 wakati jua linachoma, maandishi yaliyo nyuma ya paneli yatilie shaka.

Tatu, mkondo ukiwa mdogo sana, zungusha waya mara 10 kwenye mdomo wa koleo, halafu gawanya namba kwa 10. Kila mzunguko unaongeza sumaku yake.

Nne, hakikisha mdomo umefunga vizuri. Mchanga kidogo katikati ya meno unatosha kupotosha kipimo.

Tano, na hili ndilo kubwa, kupima bila kugusa si sawa na kutokuwa na hatari. Usilifunge koleo kwenye waya ulio uchi. Usifungue boksi la umeme kama hujafundishwa. Na kamwe usichukue mita ya kawaida ukaiweka kwenye ampea halafu ukachomeka nyaya zake kwenye soketi. Mita ya kawaida hupima mkondo kwa kuupitisha ndani yake yenyewe, kwa hiyo hapo umeunganisha laivu na nyutro moja kwa moja, na kitakachofuata ni mlipuko.

Anayegawana hupima

Kanuni hii haiko kwenye nyua zetu tu. Pale maporomoko ya Rusumo, Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana sawa mtambo wa megawati 80. Kwenye mitambo mikubwa ya umeme hakuna anayekata waya mkubwa ili apime. Waya hupita katikati ya pete, na pete huusoma mkondo kwa sumaku yake. Nchi tatu zinazogawana zinahitaji namba ambayo kila mmoja anaikubali, sawa na mzee, mama na kinyozi.

Darasani sasa naanza somo hili kwa bakuli la maji na sindano, kama nilivyoanzishwa mimi Mishamo. Wanafunzi wangu wanalisoma kwa Kifaransa, lakini sindano inageuka vile vile. Wiki iliyopita, nilipomaliza, mwanafunzi mmoja aliniomba nilipeleke koleo nyumbani kwao, kwa sababu mama yake na jirani hawasalimiani tena kwa ajili ya mita. Nilimwambia nitakwenda Jumamosi, ila wote wawili wawepo wakati napima.